Mti wa Vifaa na Mti wa Maneno: Mpangilio wa Faili za Maelezo ya Maunzi na Funzo Lake kwa Istilahi za Kiswahili, kwa Mfano wa Machochwe



1.0 Utangulizi

Katika kata ya Machochwe, wilayani Serengeti, mkoani Mara, jirani na mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, simu janja si kitu cha ajabu tena. Mfugaji huitumia kuulizia bei ya ng'ombe mnadani, mwalimu huitumia kupokea mshahara, na kijana huitumia kwa mambo yake ya ujana. Hata hivyo, ndani ya simu hiyo mna waraka mfupi ambao mwenye simu hausomi, na yumkini hajui kwamba upo. Waraka huo unataja viungo vya simu kimoja kimoja: kumbukumbu iko katika anwani ipi, kioo kimeungwa kwa njia gani, na kila kiungo huiita akili ya mashine kwa ishara ipi. Wataalamu wa kompyuta wanauita mti wa vifaa.

Mhadhara huu unahusu jinsi nyaraka za aina hiyo zinavyoandikwa na, hasa, jinsi faili zake zinavyopangwa. Huenda msikilizaji akauliza: jambo hili linahusianaje na taaluma ya Kiswahili? Jibu ni kwamba waandishi wa faili hizo wamekabiliwa na maswali yaleyale yanayomkabili mwanaleksikografia na mwanaistilahi. Maswali hayo ni: kitu kipewe jina gani, sifa za pamoja ziandikwe wapi, jina likishazoeleka, nani ana haki ya kulibadilisha, na kinachofunikwa na tabaka jipya kinahifadhiwaje. Majibu yao yana mafunzo kwa Kiswahili, na yana onyo moja kwa lugha zilizo chini ya Kiswahili, Kikurya cha Machochwe kikiwa mojawapo.

2.0 Kwa Nini Maunzi Yanahitaji Maelezo

Ni vyema kuanza na tofauti iliyopo kati ya aina mbili za vifaa. Aina ya kwanza ni vifaa vinavyojitambulisha. Kifaa cha USB kinapochomekwa katika kompyuta hupiga hodi, hutaja mtengenezaji wake na aina yake, kisha hukaribishwa. Mwenye nyumba hahitaji kuambiwa mapema kwamba mgeni anakuja.

Aina ya pili ni vifaa visivyopiga hodi. Katika kompyuta pachikwa, yaani zile zilizofichwa ndani ya kitu kingine kama simu, king'amuzi cha televisheni au mita ya umeme, viungo vingi vimeungwa moja kwa moja kwenye bodi kwa waya zisizobeba jina lolote. Kipima joto kikikaa kimya katika kona yake, kiini cha programu endeshi hakina njia ya kukitambua. Tena, kukitafuta kwa kubahatisha ni hatari, kwa kuwa kuandika namba katika anwani isiyo yake kunaweza kusimamisha mashine nzima. Hivyo basi, sharti awepo mtu wa kukiambia kiini: katika anwani hii mna kifaa hiki.

Kwa miaka mingi maelezo hayo yaliandikwa ndani ya msimbo wa kiini chenyewe. Kila bodi mpya ilipotoka, faili mpya ya msimbo iliandikwa, aghalabu kwa kunakili ya jirani na kubadilisha tarakimu chache. Katika ulimwengu wa vichakataji vya ARM, ambavyo ndivyo vilivyomo katika simu nyingi, hali hiyo ilizaa rundo la nakala zilizofanana bila kulingana. Mwezi Machi 2011, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alilalamika hadharani kwa maneno makali kuhusu vurugu hiyo.

Dawa iliyotumika haikuwa mpya. Wazo la kueleza maunzi kwa umbo la mti lilikuwamo katika kiwango cha IEEE 1275 cha mwaka 1994, kilichotumika katika kompyuta za Sun na za Apple za wakati huo. Takriban mwaka 2005 wataalamu wa Linux kwa vichakataji vya PowerPC walilibana wazo hilo likawa waraka mdogo unaokabidhiwa kwa kiini mashine inapowashwa. Baada ya malalamiko ya 2011, waraka huo uliingizwa kwa bidii katika ARM, na toleo la 3.7 la Linux, lililotoka Desemba 2012, liliweza kutumia kiini kimoja kuwasha mashine za familia tofauti za ARM. Kilichotofautisha mashine moja na nyingine sasa kilikuwa maelezo yake, wala si kiini.

Kwa mwanaisimu, hatua hii ina maana kubwa. Maelezo ya kitu yalitenganishwa na matumizi ya kitu. Kanuni inayosisitizwa mpaka leo ni kwamba mti wa vifaa ueleze maunzi yalivyo, wala usieleze programu fulani inataka kuyafanyia nini. Ndiyo maana mti huohuo unaweza kusomwa na programu endeshi tofauti, kama vile kamusi njema inavyoweza kusomwa na mshairi na karani pia.

3.0 Mpangilio wa Faili: Cha Pamoja Huandikwa Mara Moja

Faili chanzo za mti wa vifaa ziko za aina mbili. Faili zenye kiishio dts huelezea bodi moja mahususi. Faili zenye kiishio dtsi huelezea mambo yanayoshirikiwa na bodi nyingi, na huingizwa ndani ya faili za bodi. Kompaila huzisoma zote kwa pamoja na kutoa waraka mmoja wa tarakimu wenye kiishio dtb.

Ichukuliwe familia ya Raspberry Pi, kompyuta ndogo iliyotoka Uingereza mwaka 2012 na kuenea katika shule na maabara za nchi nyingi. Bodi ya kwanza ilikuwa na chipu ya BCM2835. Raspberry Pi 2 ya mwaka 2015 ilikuja na BCM2836, na Raspberry Pi 3 ya mwaka 2016 ikaja na BCM2837. Vichakataji vilibadilika, ila viungo vingi vya pembeni vilibaki vilevile. Waandishi wa Linux hawakunakili faili mara tatu. Viungo vya pamoja viliwekwa katika faili moja iitwayo bcm283x.dtsi, na kila chipu ikapewa faili fupi inayotaja kile tu kinachoitofautisha na ndugu zake. Juu ya hizo zikaja faili za bodi, zinazotaja soketi, taa na waya.

Mpangilio huu haumshangazi mtu anayejua mofolojia ya Kibantu. Mzizi hubeba kilicho cha pamoja, na viambishi hubeba tofauti. Kutoka katika mzizi mmoja wa -chakat- hupatikana chakata, mchakato, uchakataji na kichakataji. Kamusi inayofafanua kila neno kati ya hayo upya, kana kwamba hayajuani, hufanya kosa lilelile la kunakili faili ya jirani: siku fasili ya mzizi ikirekebishwa mahali pamoja, mahali pengine patatu patabaki na kosa.

Ipo desturi nyingine inayostahili kutajwa. Faili ya chipu hutaja viungo vyote ambavyo chipu inavyo, lakini vingi hutiwa alama ya kwamba vimezimwa. Faili ya bodi ndiyo inayowasha vile ambavyo waya zake zimetolewa nje. Chipu inaweza kuwa na milango sita ya mawasiliano ilhali bodi fulani inatumia miwili. Ile minne haikufutwa. Imelala tu, ikisubiri bodi itakayoihitaji.

Kiswahili nacho kina milango iliyolala. Uwezo wa kuunda majina ya ala kwa ngeli ya ki-/vi- umo katika faili ya chini kabisa ya lugha. Televisheni za Tanzania zilipoanza kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, mitambo ya zamani ikianza kuzimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kila nyumba yenye televisheni ilihitaji kifaa cha kupokelea matangazo. Neno king'amuzi, kutokana na kitenzi ng'amua, lilienea nchini kwa kasi ambayo vikao vya istilahi hupata kwa nadra. Aliyelitumia Machochwe hakuhitaji semina. Mlango ulikuwapo, mahitaji yaliuwasha.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni mahali pa kuweka faili. Kwa zaidi ya mwongo mmoja, faili za bodi za ARM za biti 32 zilikaa katika folda moja, zikafikia zaidi ya elfu moja. Kutafuta faili humo kulikuwa sawa na kutafuta ng'ombe mmoja katika mnada usio na mazizi. Mwaka 2023, katika toleo la 6.5, faili hizo zilihamishiwa katika folda ndogo kwa kufuata watengenezaji, kama ilivyokuwa tayari kwa upande wa biti 64. Lakini wahamishaji walitambua kwamba duniani kote kulikuwa na programu zilizozoea kuzikuta nyaraka mahali pa zamani. Kwa hiyo walihakikisha kwamba nyaraka zilizokompailiwa zinaendelea kusakinishwa katika folda moja, bila mgawanyo. Ghala lilipangwa upya, ila mlango wa duka ukabaki palepale.

4.0 Majina: Ukoo Kwanza, Kisha Mtu

Kila kifaa katika mti hubeba sifa iitwayo "compatible", ambayo kwa Kiswahili inaweza kuelezwa kuwa orodha ya majina yanayokubalika. Jina kamili lina sehemu mbili: ufupisho wa jina la mtengenezaji, kisha jina la kifaa, kwa mfano "brcm,bcm2835-i2c". Aidha, orodha huanza na jina mahususi zaidi na kumalizikia kwa jina la jumla zaidi. Kiini husoma kutoka mwanzo, na kikikosa kiendeshi cha jina la kwanza, hutumia kile cha jina linalofuata.

Wakazi wa Machochwe wanaujua utaratibu huu bila kompyuta. Mkurya akiwa Dar es Salaam hujulikana kuwa mtu wa Mara, na hilo hutosha. Akikutana na Mkurya mwenzake, swali la pili ni la ikiaro chake: ni Mtimbaru, Mwirege, Mnyabasi, au wa ikiaro kingine? Akifika nyumbani hutajwa kwa mji wa baba yake. Majina yote hayo ni ya kweli kwa wakati mmoja. Kinachobadilika ni kiwango cha ujuzi wa anayeuliza. Neno ikiaro lenyewe, ambalo wingi wake ni ibiaro, lina kiambishi kilicho ndugu wa ki-/vi- ya Kiswahili iliyozaa king'amuzi na ving'amuzi.

Kanuni za majina haya ni kali katika mambo mawili. Kwanza, hairuhusiwi kuweka herufi ya kubahatisha katika jina la "compatible" ili limeze na vifaa ambavyo havijatengenezwa. Katika jina la faili, herufi x ya bcm283x ina nafasi yake, kwa kuwa faili ni ghala la wenyeji. Katika jina la kifaa haina nafasi, kwa sababu hakuna anayejua chipu ya kesho itakuwa na tabia gani. Chipu mpya ikithibitika kuwa na kiungo kilekile, hubeba jina la mkubwa wake. Ndiyo maana viungo vingi vya BCM2836 na BCM2837 vinaendelea kuitwa kwa jina la BCM2835.

Pili, jina likishatangazwa na kutumika, halivunjwi. Mashine iliyouzwa miaka kumi iliyopita huenda bado inafanya kazi na waraka wake wa zamani, na kiini kipya kinatarajiwa kuutambua. Jina bora likipatikana huongezwa mbele katika orodha. La zamani halifukuzwi.

Istilahi za Kiswahili zimeteseka kwa kukosa kanuni hii ya pili. Kompyuta iliitwa kompyuta, kisha ikapendekezwa ngamizi, na huko Kenya tarakilishi. Simu ya mkononi ya Tanzania ni rununu katika vitabu vya Kenya. King'amuzi kilipokwisha kuzoeleka, kisimbuzi nacho kilikuja, kikiwa na hoja nzuri ya kimofolojia, kwa kuwa kinaungana na msimbo na simbua. Mara nyingi mjadala huendeshwa kana kwamba ni lazima jina moja life ili lingine liishi. Mwalimu humsahihisha mwanafunzi, mhariri humsahihisha mwandishi, na fundi aliyejifunza neno la kwanza huonekana mjinga anapokutana na kitabu chenye neno la pili.

Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, zingeweza kuazima utaratibu wa orodha. Kidahizo kimoja kingebeba majina yote yaliyokwisha kutumika kwa kitu hichohicho, la mahususi likitangulia na la jumla likifuata, kila moja likitiwa alama ya mahali linapotumika. Kisimbuzi kingetangulia kwa maana yake ya kitaalamu, na king'amuzi kingefuata bila kuaibishwa. Usanifishaji wa namna hiyo haupunguzi mamlaka ya chombo chochote. Unachofanya ni kuondoa gharama ya mabadiliko mabegani mwa msomaji na kuiweka mabegani mwa kamusi, ambako ndiko inakostahili.

5.0 Kinachofunikwa

Mpaka hapa mti wa vifaa umesifiwa. Inafaa sasa kutaja hatari yake. Faili ya juu inapotaja sifa ambayo tayari ilitajwa katika faili ya chini, thamani ya juu huifunika ya chini. Kompaila haipigi kelele. Katika waraka uliokompailiwa hubaki thamani ya mwisho tu, kana kwamba ya kwanza haikuwahi kuandikwa.

Upo uwezekano wa kurudi nyuma. Kompaila ileile inaweza kuugeuza waraka wa tarakimu ukawa tena maandishi. Lakini kinachopatikana si faili za awali. Tabaka zimeyeyuka zikawa moja, maoni ya waandishi yametoweka, na haijulikani tena ni sifa ipi ilitoka kwa chipu na ipi ilitoka kwa bodi. Thamani zipo, nasaba haipo.

Mtoto wa Machochwe huanza na Kikurya. Akiingia shule ya msingi hufunikwa na Kiswahili, ambacho kimekuwa lugha ya kufundishia ngazi hiyo tangu mwaka 1967. Akiingia sekondari hufunikwa na Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kwamba Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini masomo ya sekondari yameendelea kufundishwa kwa Kiingereza. Kila tabaka lina sababu zake, na hakuna mzazi anayependa mwanawe akose lolote kati yake. Tatizo ni ukimya wa ufunikaji. Katika cheti cha mwisho hakuna mahali panapoonesha kwamba chini ya tabaka mbili ilikuwapo lugha ya kwanza yenye vokali saba na mfumo wa toni ambao umewashughulisha wanaisimu kwa miaka mingi.

Waandishi wa mti wa vifaa wanajikinga na hasara hiyo kwa njia moja: hawatupi faili chanzo. Waraka wa tarakimu ni wa kutumika. Chanzo ni cha kutunzwa. Katika Tanzania, kazi ya kutunza chanzo ilifanywa na Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2001 na kutoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, pamoja na misamiati na sarufi za lugha kadhaa. Anayedhani kwamba kazi hiyo ilishindana na Kiswahili hajaona jinsi faili za dtsi zinavyofanya kazi. Faili ya juu haina nguvu bila ile iliyo chini yake.

Hatari ya pili inakielekea Kiswahili chenyewe. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wataalamu kutoka Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na maneno yake mengi yamebaki. Lakini ilikuwa tafsiri ya kioo, yaani tabaka la juu kabisa. Chini ya kioo, pale ambapo mashine inaelezwa ilivyo, Kiswahili hakijafika.

Haipendekezwi kwamba maneno ya msimbo yenyewe yatafsiriwe. Hayo ni alama za makubaliano, na kuyabadilisha ni kuvunja majina yaliyokwisha kutangazwa. Kinachowezekana ni kuandika kwa Kiswahili kanuni za maelezo, yaani zile nyaraka zinazomweleza mwandishi kila kifaa kinahitaji sifa zipi na kwa nini. Kuanzia mwaka 2018 kanuni hizo zimekuwa zikigeuzwa kutoka maandishi huru kwenda katika muundo unaoweza kukaguliwa na mashine. Kwa hiyo sehemu ya kukaguliwa na sehemu ya kumfafanulia binadamu zimetengana, na hii ya pili inaweza kuandikwa kwa lugha yoyote yenye istilahi za kutosha.

6.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonesha mambo manne. Maelezo ya kitu yatenganishwe na matumizi yake. Cha pamoja kiandikwe mara moja, mahali pake. Jina lililotangazwa lisivunjwe, bali liongezewe. Na faili chanzo itunzwe, kwa kuwa kilichokompailiwa hakiwezi kurudisha nasaba yake.

Ichukuliwe kwamba kijana aliyemaliza kidato cha nne amefungua king'amuzi kilichokufa, katika kibanda cha fundi hapo Machochwe. Ana bisibisi, ana mita ya kupimia umeme, na anajua kwa uzoefu kipande gani huungua kwanza. Asichokuwa nacho ni lugha ya kuuliza kwa nini kipande hicho kipo pale na kinaitwaje na wale waliokiweka. Kwa sasa anaweza kubadilisha kipande. Kueleza bodi mpya, ambayo ndiyo hatua ya kwanza ya kuiunda, hawezi. Umbali kati ya kazi hizo mbili ni umbali wa maneno, na maneno ndiyo kazi ya taaluma hii.

Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kila mwaka siku hiyo husikika hotuba nyingi kuhusu ukubwa wa Kiswahili. Ingefaa kila mwaka siku hiyo itolewe pia orodha fupi ya istilahi za tabaka la chini: za chipu, anwani, waya na ishara, kila moja ikiwa na fasili yake na majina yake yote yanayokubalika. Maneno hamsini kwa mwaka si mengi. Baada ya miaka kumi yatakuwa mia tano, na fundi wa Machochwe atakuwa na kitabu cha kusoma.